Nilivyoajiri Kikundi Kizima cha Ngoma

Mtu akija kwako kuomba kazi, usimwulize, "Unaweza?" Sisi watu wa pwani tumelelewa kujibu ndiyo. Kumwambia mtu mzima hapana usoni ni kukosa adabu. Niliwahi kumwuliza baba mmoja hapa Palma kama anajua kuendesha gari, akanijibu kana kwamba nimemtukana, "Bi Mwajuma, gari nalo ni la kuuliza?" Nikampeleka kwenye kampuni. Akapewa ufunguo, akaingia, akafunga mlango vizuri, akashika usukani kwa mikono miwili, akakaa wima kama bwana arusi. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Mwisho akateremsha kioo akaninong'oneza: "Bi, nikishakaa hivi, kinachofuata nini?"

Basi nyinyi vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Quitunda, jirani na Palma, na vyeti vyenu ndani ya mifuko ya plastiki, mkitaka niwaambie jinsi ya kufungua ofisi ya mambo ya wafanyakazi, la kwanza ndilo hilo. Usiulize. Mpishi mpe nazi na mbuzi ya kukunia, kaa pembeni, tazama. Dereva mpe gari, ila lisiwe karibu na kisima.

Na msinisifu. Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, hekima haihusiki. Nilipoanza sikuijua kazi hii hata kidogo, na kwa ujuaji wangu nilibakiza kidogo tu niwakoseshe wanawake kumi na wawili riziki yao. Nawaeleza ili mkikosea, mfanye makosa mengine. Haya yangu yameshatumika.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu Msumbiji, Palma iligeuka. Zamani tulijuana kwa miguu: mtu akipita nje, unasikia kandambili zake, unajua ni fulani na anakwenda wapi. Ghafla wakajaa wageni wenye kofia ngumu na viatu vizito, na kila mmoja anatafuta watu wa kazi. Na watu wetu wote wanatafuta kazi. Na hawakutani! Mkubwa wa kampuni analalamika kwamba Palma hakuna wafanyakazi, na kutoka nje ya geti hawezi, kwa wingi wa watu waliokaa hapo wakisubiri kuajiriwa.

Mtoto wa marehemu dada yangu, Ansha, alikuwa ndiyo amerudi na cheti kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nikamwuliza amesomea nini. Akasema, "Rekursos umanos, Mamkubwa. Ni elimu ya kuwapanga watu kazini."

Nikamwambia, "Kumbe hiyo inasomewa?"

Maana mimi, mbali na madarasa mawili ya Kireno na juzuu chache za Kurani chuoni, sikusoma. Lakini majiko ya arusi ya mji huu nilikuwa nayapanga mimi. Nani akune, nani apepete, nani asikaribie nyama. Nikaona kazi ndiyo ileile, ila hii ina meza. Tukafungua kwenye chumba changu cha mbele. Ansha akachora kibao, akaandika konsultoria. Nikauliza neno hilo lina maana gani. Akasema maana yake ni sisi tunashauri.

"Tunashauri kazi ambayo hatujapata kuifanya?"

"Mamkubwa, wote wanafanya hivyo."

Siku za mwanzo Ansha alikuwa akiwaandikia watu kurikulu, ile karatasi ya kueleza umefanya kazi wapi. Akaja mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, ana watoto saba, ana shamba la mpunga. Ansha akamwuliza amefanya kazi gani maishani. Yule mama akainama akasema, "Mimi mwanangu sijawahi kufanya kazi." Ansha akaandika hivyohivyo! Nikamnyang'anya kalamu.

"Wewe," nikamwambia yule mama, "arusi ya nyumba ya imamu, wali wa watu mia tatu, nani alikuwa kwenye sufuria?"

"Mimi."

"Uliungua?"

"Wali? Wali wangu uungue?"

"Ansha, andika. Na uandike kwa herufi kubwa."

Hilo mlishike. Mtu wa kwetu hajui kwamba alichokuwa akifanya siku zote ni kazi. Usimwulize kazi. Mwulize arusi, mwulize msiba, mwulize mwaka wa njaa alilisha wangapi.

Sasa ndiyo akaja senyor Duarte. Huyu alikuwa mtu wa Beira, mrefu, sauti ndogo kama ya kuku mgonjwa, msimamizi wa kampuni iliyokuwa inahudumia kambi ya mafundi nje ya mji: kufua, kutandika, kusafisha. Alitaka wanawake kumi na wawili. Ansha akanitafsiria masharti yake: mwezi mmoja wa kujaribiwa. Wakifaulu, wanaandikiwa mkataba. Wakishindwa, analeta watu kutoka kusini, na ofisi yetu hataki kuiona tena.

Nikamwambia Ansha amwambie akalale. Watu ninao.

Hapo ndipo nilipokosea. Kuna ngoma yetu ya wanawake inaitwa tufo. Wanawake wanavaa sare, wanakaa kwa safu, wanapiga matari, wanaimba na kucheza kwa mabega. Kikundi cha mtaa wetu kilikuwa na wanawake kumi na wawili, na mimi ndiye mkubwa wake, yaani mwaliko wowote unapitia kwangu. Nikafikiri: hawa nawajua. Hawachelewi mazoezi. Wanasikiliza sauti moja. Hata nguo wanashona kwa fundi mmoja. Nikawachukua wote, Halima mwimbishaji wao akiwemo, nikawapeleka kufua.

Ansha akasema kitabu chake kinashauri kuchanganya watu, wasitoke sehemu moja.

"Kitabu chako kimepika arusi ngapi?" nikamwuliza. Akakifunga, maskini.

Na kulikuwa na mwanamke mwingine, Rosalina, mtu wa bara kule juu Mueda, aliyekuwa akikaa nyuma ya kanisa na kuongoza kwaya yao. Alikuja ofisini kwangu kuombea kazi wanawake wanane, yeye akiwemo. Nikamwambia njoo kesho. Alipokuja nikamwambia njoo kesho. Mara ya tatu vilevile. Sababu? Sikuwajua watu wake, basi. Hakuna sababu nyingine, na siipambi.

Wiki mbili zilikwenda kama mafuta ya nazi. Senyor Duarte alipita ofisini akicheka, akasema mashuka hayajapata kuwa meupe namna ile, na wale wanawake wanakunja wakiimba, mafundi wanasimama kusikiliza. Nikajaa. Nilianza hata kutembea kama mkubwa wa idara.

Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, ndiyo nimemimina chai, gari la senyor Duarte likasimama mlangoni. Uso hauna damu.

Ansha akatafsiri: "Anauliza watu wako wako wapi."

"Wako kazini."

"Anasema kazini hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Amekuta ndoo zimefunikwa vizuri."

Nikakaa. Halafu nikakumbuka, na chai ikanipalia. Kabla ya mavuno ya mpunga, wanawake wa kisiwa cha Macaloe walituletea mwaliko wa kushindana tufo. Mwaka uliopita walituimba kwamba matari yetu yamelegea kama mashavu ya bibi fulani, na bibi huyo mnamjua. Nikakubali kwa hasira palepale, nikawapa neno: Jumamosi hii. Halafu zikaja karatasi, likaja kopo la wino, likaja jina la konsultoria, nikasahau. Kikundi hakikusahau. Na mwaliko wa tufo ukishaupokea, hauvunjwi. Ukikosa kwenda utaimbwa mpaka wajukuu zako waone haya. Walikuwa wameondoka na maji ya alfajiri. Kurudi ni maji ya jioni. Hapakuwa na namna ya kuwafuata.

Na hawakuniaga kwa nini? Halima alinijibu baadaye: "Bi, aliyetupa kazi ni wewe, aliyetupa safari ni wewe. Tukajua umeshapanga."

Senyor Duarte akasema saa tisa ndege inaleta watu arobaini wa zamu mpya. Wasipokuta vitanda vimetandikwa, kujaribiwa kumekwisha siku hiyohiyo, na wanawake wangu wasirudi.

Nilivaa viatu viwili visivyofanana, nikaenda na Ansha nyuma ya kanisa. Rosalina alikuwa anatwanga muhogo na wenzake. Aliponiona hakusimamisha mchi.

"Bi Mwajuma!" akasema. "Kumbe leo ndiyo ile kesho?"

Wakacheka wote. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. Nikasimama, nikasubiri wamalize, maana nilistahili.

"Rosalina, nimeharibu. Nataka watu wa kufua, sasa hivi."

"Na wale wako wa matari?"

"Wako Macaloe."

"Wanafua bahari?"

"Rosalina, nakuomba."

Akaweka mchi. Akajifuta mikono kwenye kapulana, kitenge chake cha kiunoni, polepole, apate kunitazama vizuri. "Tutakuja. Lakini si kwa kibarua cha leo tu, halafu kesho utuambie njoo kesho. Ukituchukua, umetuchukua."

Nafasi ni kumi na mbili, na kumi na mbili zina wenyewe. Nilijua hivyo nilipofungua mdomo. Nikasema mbele ya wote, "Nimewachukua." Ansha alinivuta mtandio, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoijua kazi yangu. Wiki tatu nilikuwa nimekaa mezani nikishauri mambo ya kufua, na chumba chenyewe cha kufulia sikuwahi kukanyaga. Nilidhani kuna karai. Nikakuta mitambo mirefu kuliko mimi, ina milango ya kioo kama kabati la arusi, inanguruma. Rosalina akaomba aelekezwe, mlinzi mmoja akamwonyesha vitufe. Mimi sikuomba. Mimi mkubwa wa ofisi niombe? Nikatia sabuni kama ninavyotia nyumbani, kwa kiganja, na nikaongeza cha baraka.

Povu lilianza kutoka taratibu, likashuka, likapita mlangoni, likateremka ngazi kwenda kuangalia kambi. Rosalina akalitazama likienda.

"Bi," akasema, "mashuka bado, lakini uwanja umetakata."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu afe mume wangu, Mungu amrehemu. Tulikuwa tumeshika mafagio, watu tisa na Ansha wa kumi, tunalisukuma povu lirudi ndani, na wale wa kwaya wakashika wimbo wao wa kanisani, na mimi Mwislamu mtu mzima nikajikuta naitikia kiitikio.

Lakini baada ya hapo nilifua kwa kunyamaza, na nikaona. Sakafu ile ina maji siku nzima, na wanawake wangu walikuwa wakisimama juu yake na kandambili. Shuka lililolowa la kitanda kikubwa halibebwi na mtu mmoja. Ukilibeba peke yako, kiuno kinakukumbusha. Pa kuketi hapakuwa hata kigoda. Na katika wiki tatu hakuna hata mmoja aliyeniambia. Kila nikiwauliza, "Kazi inaendaje?" walijibu, "Nzuri, Bi." Adabu ileile! Mimi niliyejifanya najua kutowauliza watu, niliwauliza, na nikaliamini jibu.

Saa tisa kasoro vitanda vyote vilikuwa tayari. Watu arobaini wakashuka wakaenda kulala, hawakujua lolote.

Jua lilipoanza kupoa tukasikia matari. Kikundi changu kinatoka pwani moja kwa moja kuja kambini, nyuso nyeupe kwa msiro, ule unga wa mti tunaojipaka wanawake, sare za manjano, wanaimba kwamba Macaloe wamelia. Walikuwa wameshinda. Walikuja kuwahi kazi ya jioni, kwa furaha yao yote, na getini wakamkuta senyor Duarte amekunja mikono. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Halima akanitazama, akawatazama wa kwaya waliolowa nyuma yangu, na msiro ulimficha rangi lakini macho hayakujificha. Alidhani nimewauza.

Nikasimama kati. "Ansha, mwambie. Kosa ni langu. Mwaliko niliupokea mimi, na kazi niliwapa mimi, nikasahau kuzikutanisha. Kama kuna wa kufukuzwa, anifukuze mimi."

Ansha akasikiliza jibu, akauma mdomo. "Anasema wewe hakukuajiri."

"Basi hawezi kunifukuza. Mwambie tukae tuzungumze."

Nikachukua vibanio vya kuanikia nguo. Vilikuwepo vya mti na vya plastiki. Nikaenda kwenye kamba. Nikamwonyesha: hii kamba ni leo. Nikabana vya mti vitupu, yaani kikundi changu. Nikavinyakua vyote kwa mkupuo mmoja, kamba ikabaki tupu. Akaitikia kwa kichwa, kilio chake ndicho hicho. Kisha nikabana upya: cha mti, cha plastiki, cha mti, cha plastiki. Nikavitoa vya mti. Kamba bado ina watu. Hawa wakienda tufo na Idi, wale wapo. Wale wakienda kanisani na Krismasi, hawa wapo. Kwa hilo hakuhitaji Ansha.

Akasema nafasi ni kumi na mbili, na hapo anaona wanawake ishirini.

Sikuwa na kibanio cha hilo. Ndipo Ansha, mtoto niliyemnyamazisha kwa arusi zangu, akatoa kitabu chake cha sheria za kazi kwenye mkoba, kimelowa povu pembeni, akaanza kusoma. Kireno chake kilikuwa kinakwenda taratibu na hakitetemeki. Mfanyakazi ana haki ya siku ya kupumzika kila wiki. Hawa kumi na wawili hawajapewa mapumziko hata siku moja tangu waanze. Kambi haifungwi, kwa hiyo watu wapokezane. Na kwa kupokezana zamu za asubuhi na jioni, ishirini ndio wanaotosha. Akaongeza viatu vya mpira. Akaongeza mashuka makubwa yabebwe na watu wawili. Akaongeza mabenchi. Nilimtazama nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana inasomewa.

Senyor Duarte akatembea kwenye kamba huku na huku. Akagusa kibanio kimoja. Akauliza, na Ansha akatafsiri kwa sauti wote wasikie: "Na ikitokea siku moja wote ishirini wana shughuli?"

Rosalina akamjibu.

"Siku hiyo, senyor, na wewe utakuwa umealikwa."

Alipotafsiriwa, kile kisauti chake kidogo kilipasuka kicheko ambacho sikudhani kinakaa ndani yake. Halima naye akacheka, halafu wote, na msiro ukaanza kupasuka kwenye mashavu. Nikajua kazi imebaki.

Tulifanya kazi hiyo miaka, tukawapeleka watu sehemu nyingi. Vita vilipokuja tulitawanyika, wengine wakavuka mpaka wa Namoto kwenda Tanzania, na wengine wamesharudi. Hayo yana siku yake ya kusimuliwa. Lakini tangu siku ile hakuna mtu niliyempeleka kwenye kazi ambayo sijaifanya mwenyewe walau siku moja. Nimekata vitunguu jikoni. Nimefagia uwanja wa ndege. Nimekaa na walinzi getini nikiwa na filimbi. Nyinyi wenye vyeti, vyeti ni vizuri, Ansha alinifundisha. Ila kabla hujamshauri mtu, nenda ukalowe naye.

Mkataba ulisainiwa wiki iliyofuata siku ile ya povu, wanawake ishirini, kwenye meza yangu ya mbele. Wengi wao kalamu hawakuizoea, wakatia kidole kwenye wino. Mimi jina langu najua kuliandika, lakini Ansha aliponisogezea karatasi ya ushahidi niliisukuma kalamu nikatia kidole, maana nisingekubali raha ile inipite. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kisha nikapakua wali wa nazi na samaki, nikaleta birika na beseni tunawe.

Hakuna aliyesogea. Wafuaji watupu, na hakuna anayetaka maji. Halima alikuwa ameinua kidole chake cha wino anakitazama kwenye mwanga wa mlango. Rosalina amekikunja ndani ya kiganja kama mtu aliyeficha pete.

Nikarudisha birika ndani. Nikatuma kwa jirani vijiko, vikaja sita tu, tukala kwa zamu, watu wazima ambao hatujapata kula kwa kijiko maishani, tunajimwagia wali kifuani na kuchekana, kila mmoja ameinua kidole kimoja juu, kisiguse chochote.